Iyunga: Pawatila ya mama, na ndoo ya njano getini

Daladala za Mbalizi zinazotoka Kabwe hujaa mapema. Saa 12:15 asubuhi nimebanwa kati ya mwanafunzi anayesinzia na mama mwenye gunia la kabichi. Tunapita Nzovwe, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Mlima Loleza, na kondakta anaanza kuita: “Iyunga, Iyunga, Tazara wapo?”

Anayeijua Mbeya anaijua Iyunga kwa mambo matatu: stesheni ya Tazara, sekondari kongwe yenye jina la kata hiyo, na viwanda. Malori ya Zambia yanapita mchana na usiku, na sambamba nayo ipo reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975.

Ukiacha lami na kupanda bodaboda kwa dakika kumi, viwanda vinabaki nyuma yako. Unaingia kwenye Iyunga nyingine, ya mahindi, maharage, viazi mviringo na migomba pembeni mwa nyumba. Huko ndiko nilikokuwa nakwenda, mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha udongo.

Safari yangu ilikuwa ya mgongo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika habari za afya, na wanawake wa vijijini huniambia jambo lilelile: mgongo, kiuno, mabega. Nikasikia kuna mama Iyunga aliyeacha jembe la mkono na anaendesha shamba lake mwenyewe kwa pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili ambalo mwendeshaji hutembea nyuma yake akilishika kwa mikono. Nilitaka kumuuliza kama mgongo umepona.

Nilirudi na habari nyingine.

“Umechelewa, mwanangu”

Nilimkuta ameshaanza kazi. Mvuke ulikuwa unatoka juu ya injini, naye amevaa suruali ya kijani iliyofungwa kwa mkanda wa kamba, buti za mpira na kofia ya sufi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa, injini imeshapata moto.”

Ana miaka 47 na watoto watatu: binti wa kidato cha tatu, mvulana wa darasa la sita na wa mwisho wa darasa la pili. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa hiyo hapa nitamwita mama tu. Mumewe alifariki mwaka 2017 akamwachia ekari tatu na nyumba ambayo haikuwa imeisha.

Miaka miwili ya kwanza alilima kwa jembe, na watoto wakiwa vibarua wake. Msimu wa kupanda ukifika, binti na mvulana walikuwa wanaingia shambani saa 11 alfajiri na kufika shule saa tatu, au wasifike kabisa.

“Mwaka 2019 mwalimu aliniita,” anasema. “Akafungua daftari la mahudhurio, akaniwekea kidole. Mwezi ule binti yangu alikuwa amekosa siku kumi na moja. Hakunigombeza. Alisema tu, mama, huyu mtoto ana akili. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole sana.”

Mwaka uliofuata alivunja akiba ya kikoba, akauza ng’ombe mmoja kati ya wawili, akaenda Igurusi kununua pawatila iliyotumika.

Mashine ya bondeni inapopanda mlima

Wasomaji wengi mtakumbuka Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyozinduliwa mwaka 2009. Katika miaka ile pawatila ziliingia nchini kwa wingi, nyingine kupitia halmashauri. Maeneo mengine zilikwama: udongo mgumu, vipuri hakuna, fundi hakuna, zikaishia kuota nyasi kwenye uwanja wa ofisi. Lakini kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, wilayani Mbarali, zilipata kwao. Udongo wa majaruba ni tambarare na laini, na baada ya kulima, wakulima hufunga tela na kubeba magunia.

Ndiyo sababu mama alikwenda Igurusi. Huko mashine zipo, na mafundi wanaozijua wapo. Ila mashine aliyoinunua ilikuwa imezoea tambarare, na Iyunga si tambarare.

“Wiki ya kwanza niliingia mtaroni,” anasema huku akicheka.

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Pawatila haina usukani wa duara. Ina vishikio viwili, na kila kimoja kina klachi yake ndogo. Ukiwa tambarare, ukibana cha kushoto, mashine inakata kushoto. Lakini ukiwa unashuka mteremko mkali, mashine ikiwa inasukumwa na uzito wake yenyewe, mambo hugeuka: gurudumu uliloliachia nguvu ndilo linalokimbia, na mashine inakata kulia. Mtu asiyeambiwa hubana zaidi, na anakwenda zaidi kule asikotaka.

Siku hizi kwenye mteremko hagusi kabisa klachi hizo. Anaweka gia ndogo, anashuka taratibu, anaelekeza kwa kusukuma vishikio kwa nguvu ya mwili. Na ile sehemu ya shamba yenye mwinuko mkali ameiacha moja kwa moja: amepanda miparachichi na majani ya ng’ombe, yanayoshika udongo usikimbie na mvua.

Shamba lililojengwa kwa tela

Tulizunguka shamba lote. Kila kitu nilichokiona kimepita kwenye tela lile: mawe ya msingi wa banda la ng’ombe, tofali za kuchoma, mchanga, mabanzi ya ukuta wa kuku, tenki la maji, samadi ya kila msimu. Fundi alikuja kwa siku chache tu, kupaua na kusuka nondo za kitako cha tenki. Mengine amefanya mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa miaka minne.

Ana daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Humo kila siku ya kazi imeandikwa: saa za injini, lita za dizeli, kilichovunjika. Ekari moja, anasema, kwa jembe ilimchukua yeye na watoto wiki mbili. Kwa pawatila, udongo ukiwa na unyevu mzuri, ni siku moja na mapumziko yake. Ukiwa mkavu, visu vinaruka juu na mikono inateseka bure, hivyo anasubiri mvua ya pili.

Ukurasa wa nyuma wa daftari hauna hesabu ya mashine. Kuna majina ya watoto watatu, na mbele ya kila jina vijistari vya siku walizokosa shule tangu mwaka 2020. Mvulana ana vijistari vinne. “Malaria,” anasema. Binti ana kimoja. Wa mwisho hana hata kimoja.

Na mgongo?

“Mgongo umepona nusu,” anasema. “Maumivu yamehamia mabegani. Na vidole asubuhi vinakufa ganzi.”

Hilo si jambo la kupuuza. Mtetemo wa injini unaopita mikononi kwa saa nyingi unaweza kuumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu kwenye vidole, na baridi ya asubuhi ya Nyanda za Juu huongeza tatizo. Kinachosaidia ni kupumzika kila baada ya muda, kuvaa glavu zinazotunza joto, na kukaza nati zilizolegea zinazoongeza mtetemo. Ganzi ikiendelea, au vidole vikianza kuwa vyeupe, nenda kituo cha afya.

Kisha nikamuuliza kuhusu suruali.

“Ya marehemu,” alisema. Mwanzoni alilima na kitenge kiunoni. Siku moja pindo likashikwa na mkanda wa injini. Bahati yake kitenge kilikuwa kimechakaa, kikachanika. Jioni ile alifungua sanduku la nguo za mumewe. Majirani walisema maneno, hata kanisani kuna aliyemuuliza. “Nikamjibu, mashine haijui heshima ya kitenge.”

Siku ya banda

Tuliketi kwenye kivuli cha mparachichi tukinywa chai ya maziwa ndipo aliponisimulia ya Machi 2021.

Alikuwa anarudisha pawatila bandani kinyumenyume. Gia ya nyuma ndiyo hatari kubwa ya mashine hizi, kwa sababu mwendeshaji amesimama kulekule inakokwenda. Vishikio vilinyanyuka, vikamsukuma, vikambana kifua kwenye nguzo. Alifanikiwa kuifikia klachi kuu kwa ncha za vidole, magurudumu yakasimama. Lakini injini iliendelea kunguruma, na yeye hakuweza kujinasua. Simu ilikuwa ndani, juu ya meza.

“Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma, kwenye kizingiti cha banda, dakika mbili kabla. Nilimtuma chumvi kwa jirani. Sijui kwa nini nilimtuma. Chumvi ilikuwepo.”

Alinyamaza, nami sikuandika kitu.

Aliyemwokoa ni mzee wa jirani, na kilichomleta ni sikio lake. Alizoea kusikia injini ile ikienda na kurudi. Asubuhi ile ilinguruma mahali pamoja, muda mrefu, bila kubadilika. Akaja kuangalia. Mbavu mbili zilikuwa na ufa.

“Watu husema nafanya kazi peke yangu,” mama anasema. “Siku ile nilijua kwamba peke yangu ningekufa.”

Tangu hapo pana ndoo ya njano. Akienda kuwasha mashine, anaitundika kwenye nguzo ya geti, upande unaoonekana kutoka kwa mzee. Akimaliza, anaishusha. Ndoo ikiwa juu hadi saa sita mchana, mzee anakuja. Huo ndio mfumo mzima.

Kwa mzazi anayefikiria mashine

Shirika la Kazi Duniani (ILO) hukitaja kilimo kuwa moja ya sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi kwa wafanyakazi, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini. Tofauti ni kwamba mgodini watoto hawaishi. Shambani, mahali pa kazi ndipo nyumbani. Kwa hiyo nilimwomba mama anitajie sheria zake, nami nimeongeza machache ya kitabibu.

Mtoto haendeshi, na hapandi kwenye tela mashine ikiwa kazini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kazi za hatari. Kuokota mayai ni kazi nyepesi. Kushika pawatila si kazi nyepesi.

Kabla ya kurudi nyuma, zima visu, hakikisha hakuna ukuta wala mti nyuma yako. Bora zaidi, panga njia ya kugeuka mbele kwa mbele. Mama amevunja ukuta mmoja wa banda, siku hizi anaingia huku na kutokea kule.

Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, inayoweza kuua kimyakimya.

Usiweke dizeli wala dawa za kuulia wadudu kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa dizeli au mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mwahishe hospitali, na ubebe chupa yenyewe.

Ukipata uwezo wa kununua trekta dogo la magurudumu manne, lenye kiti, usikubali lisilo na nguzo ya chuma nyuma ya kiti, ile inayomlinda dereva trekta likipinduka. Sweden ilianza kuilazimisha kwenye matrekta mapya tangu mwaka 1959. Wengine huikata ili trekta lipite chini ya miti. Ni bora kukata tawi. Na funga mkanda, maana nguzo haimsaidii aliyerushwa nje.

La mwisho halihitaji fedha. Simu ikae mfukoni mwa shati, na pawe na mtu mmoja anayejua uko wapi na unamaliza saa ngapi.

Saa tisa na nusu

Niliondoka watoto walipokuwa wanarudi. Wa mwisho alitangulia mbio, begi likimpigapiga mgongoni. Alipofika getini hakuingia. Alisimama kwanza, akatazama juu ya nguzo.

Ndoo haikuwepo. Ndipo akafungua geti na kuanza kuita, “Mama! Nimepata nane kwa kumi!”

Ng’ambo ya njia, mzee alikuwa kwenye kigoda chake, amejifunika koti. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kama nimeshiba chai ya jirani yake, kisha akarudisha macho kwenye lile geti, kama mtu anayesoma saa.