Dada wa kwenye kadi

Majuzi nilivuka na boti kwenda Unguja, nikazurura vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka miguu ikawaka moto. Kule Shangani nikaingia duka moja la picha za kale. Jamani! Tippu Tip yumo, jina lake chini. Sultani Barghash naye, jina na cheo. Lakini kina dada waliojifunga kanga, kipini puani? Wameandikwa "mrembo wa Kiswahili", basi. Hawana jina wala mtaa, kama maembe sokoni.

Kadi zile zilitoka studio za Wagoa, kina Gomes na Coutinho, miaka ya 1900 hivi, wakiuziwa abiria wa meli. Mzungu anabandika stempu, dada wa watu huyooo, Ulaya!

Jioni nipo Forodhani nakula urojo, mdomo umejaa, mwanga wa kamera ukanipiga usoni. Mtalii! Nikamfuata na Kiingereza changu cha Fomu Foo: "Rafiki, mimi naitwa nani?" Akatoa macho. Nikamwambia aandike jina langu, la sivyo afute.

Akafuta.

Mwenzangu wa kwenye kadi, yeye angemwambia nani?