Tangi la Samaki Lililonuka

Samaki ndani ya kioo hupendeza macho, lakini tangi lisilotunzwa huchukiza pua, na katika nyumba ndogo pua haina mahali pa kukimbilia. Ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza jinsi jambo hili lilivyotupata nyumbani kwetu Nakivale, Wilaya ya Isingiro, na jinsi tulivyoliondoa. Hapana shaka wako wenzangu, na hata wanafunzi wa zamani wenye nyumba zao Mbarara, wafugao samaki sebuleni.

Nyumba yetu ni ya matofali ya udongo, ina vyumba viwili, nasi tu watu saba. Mdogo wangu alitengenezewa tangi la lita 40 na fundi wa vioo mjini Mbarara, akatia changarawe nyingi, na vifaranga 12 vya ngege kutoka bwawa la mfugaji mmoja. Niliporudi likizo nilikuta nyumba yanuka kama mayai yaliyooza. Kila Jumamosi mdogo wangu alimwaga maji yote na kusugua vioo kwa sabuni, wala harufu haikutoka. Jirani alishauri tufukize ubani. Tukafukiza, tukapata harufu mbili badala ya moja.

Mama aliniita akasema, "Mwanangu, mimi hupanga mstari bombani tangu alfajiri. Kila wiki madumu mawili yanakwenda kwa samaki, na nyumba ingali yanuka. Likizo ikiisha na harufu hii ikiwapo, nitawakaanga."

Maneno yake yalikuwa ya haki. Makazi yetu, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, sasa yana watu zaidi ya laki moja, na dumu la maji ni mali. Kwa hiyo haikutosha kuondoa harufu; ilitupasa kuiondoa kwa maji machache kuliko yale ya kwanza.

Nilikumbuka masomo ya viumbe. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, nayo ni sumu kwake. Katika maji yaliyotulia hukaa bakteria ambao huigeuza amonia kuwa naitriti, na wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hushikamana na changarawe na vioo, na huchukua wiki nne hadi sita kuenea vizuri katika tangi jipya. Sabuni, na klorini iliyomo katika maji ya bomba, huwaua. Basi kila Jumamosi mdogo wangu aliwafukuza watumishi wake mwenyewe.

Lakini harufu ya mayai ilitoka chini. Chakula kilichozidi kilizama katika changarawe, kikaoza mahali pasipofika hewa, na huko huzaliwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ziwa Nakivale halinuki hivyo sebuleni mwa mtu, maana ni pana, lina upepo na mafunjo ya kulisafisha. Tangi halina mafunjo. Lina mwenye tangi tu.

Tukafanya hivi. Kwanza tuliwahamisha samaki katika ndoo yenye maji yale yale ya tangi, kwa kuwa gesi ile ikitibuliwa huweza kuwaua. Tulipunguza changarawe, tukaifikicha ndani ya maji ya tangi bila sabuni, na uchafu tukaunyonya kwa mpira mwembamba. Samaki wanane tukamrudishia mfugaji, maana ngege hukua. Chakula kikawa kidogo, mara moja kwa siku, kile tu kinachomalizwa katika dakika mbili au tatu. Kisha kila wiki tulibadili robo tu ya maji, yaani lita 10, na maji mapya tuliyaacha siku nzima katika ndoo wazi ili klorini itoke.

Harufu ya mayai iliondoka siku ile ile tuliyosafisha changarawe. Ukungu wa maji ulikawia zaidi, na mdogo wangu alitaka tena kumwaga yote; nikamzuia. Wiki ya tatu tuliwaona samaki wote wanne mpaka mapezi yao. Madumu mawili ya kila wiki yakawa nusu dumu. Mama hakusema neno la sifa. Alisema tu kwamba maji yanayotolewa yasimwagwe njiani, bali yapelekwe kwenye lengalenga zake nyuma ya nyumba. Naitreti ile ni mbolea, na mboga zilimjibu vema.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia harufu mbaya nyumbani usikimbilie ubani wala ndoo. Uliza kwanza inatoka wapi. Anayefunika uvundo hulala nao. Anayetafuta chanzo chake aghalabu hukikuta karibu, na dawa yake huwa rahisi kuliko alivyodhani.