Mtoto wa Kindi

Katika pori la Katanga ya Juu watu wengi wanapata chakula chao kwa kuchoma makala. Wanakata miti, wanaipanga, wanaifunika kwa majani na udongo, kisha wanawasha moto ndani. Moto unakula polepole siku nyingi, mpaka miti inageuka makala. Halafu makala inatiwa katika magunia, magunia yanafungwa juu ya kinga, na watu wanayasukuma mpaka mjini Lubumbashi kuyauza.

Baba wa msichana mmoja alikuwa mchoma makala. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka 10, naye alikuwa katika darasa la tano. Siku zisizo na masomo alimpelekea baba yake chakula porini: bukari na sombe katika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ilikuwa haijanyesha bado. Msichana alifika wakati baba yake alipokuwa akiangusha muputu mkubwa. Mti ulilia, ukainama, ukaanguka kwa kishindo. Vumbi lilipotulia, msichana alisikia sauti nyembamba kama ya filimbi. Akatafuta katika matawi. Shina la mti lilikuwa na tundu, na pale lilipopasuka aliona majani makavu yaliyotandikwa vizuri. Ilikuwa nyumba ya kindi.

Kindi mama alikuwa chini ya tawi, amekufa. Watoto wake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amekufa naye. Wa pili alikuwa mzima, lakini paja lake lilikuwa limechanika, na mguu wake wa nyuma ulilegea. Hakupita kidole gumba cha mtu mzima, na macho yake yalikuwa hayajafunguka.

«Baba, huyu analia,» akasema msichana.

Baba alisimama kimya, shoka mkononi. «Sikujua kama tundu lile lina wenyewe,» akasema. «Kama mama yao angekuwa hai, tungewaacha hapa karibu na mti, sisi tungeondoka. Kindi mama hurudi, huwachukua watoto wake kwa mdomo mmoja mmoja, huwapeleka katika tundu lingine. Lakini huyu hatarudi tena.»

Msichana alikuwa amekwisha kumwokota mtoto wa kindi kwa mikono yake mitupu. Akamfunga katika kile kitambaa cha sahani, akaenda naye nyumbani.

Kaka yake alipomwona kindi alicheka. «Nyama ndogo hivi! Haitoshi hata kijiko kimoja cha mchuzi.» Mama hakucheka. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akasema tu: «Muulize nkambo.»

Nkambo alikuwa mama mzee wa baba. Msichana alitaka kumpa kindi maziwa mara moja, lakini nkambo alimzuia. «Mguse. Unasikia alivyo baridi? Tumbo la baridi halipokei chakula. Kwanza joto, kisha maji, maziwa mwisho.» Alijaza chupa maji ya moto, akaifunga kwa nguo, akaiweka katika kikapu kidogo. Juu yake akatandika kitambaa cha zamani, laini, kisicho na nyuzi zinazoning'inia, maana uzi mmoja unaweza kufunga mguu mdogo mpaka damu isipite. Kindi akalala pale, akaanza kupata joto. Baadaye nkambo alichemsha maji, akatia sukari na chumvi kidogo sana, akayaacha yawe vuguvugu, akamdondoshea kindi tone moja moja.

Kesho yake asubuhi msichana alikwenda na kikapu kwa mganga wa dispensari. Mganga alivaa mipira ya mikono, akamtazama kindi pande zote. Akaosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi. Mguu hakuufunga. «Mfupa wa mtoto unaunga wenyewe,» akasema, «kama akitulia katika mahali padogo.» Akampa msichana bomba dogo la sindano, bila sindano yenyewe, la kumnyweshea maziwa. Kisha akauliza: «Ulimshika kwa mikono mitupu?»

«Ndiyo, bwana mganga.»

«Na kwenu kuna mtoto mchanga?»

«Ndiyo. Mdogo wangu. Mimi ndiye ninayembeba kila siku.»

Mganga akamwambia mambo ambayo kila mtoto wa Kongo anapaswa kuyajua. Kuna ugonjwa unaoitwa mpox. Unaleta homa na vipele vinavyouma, na unaweza kuua watoto wadogo. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo alikuwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, mwaka 1970. Mwaka 1985 wataalamu waliupata katika kindi mgonjwa, kaskazini mwa Kongo. Kwa hiyo nyama wa pori aliye mgonjwa, au aliyekutwa amekufa, haokotwi kwa mikono, wala haliwi.

«Huyu sioni vipele mwilini mwake,» mganga akasema. «Naona ameumia kwa kuanguka tu. Lakini macho yangu hayaoni kila kitu. Ugonjwa ule unaweza kukaa katika mwili wa mtu mpaka siku 21 kabla haujaonekana. Basi hesabu siku 21. Katika siku hizo usimbebe mdogo wako. Lala peke yako. Kila ukimshika kindi, vaa mipira hii, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Ukisikia homa, njoo hapa upesi. Au mwache kindi kwangu leo, nami najua hatapona, kwa kuwa sina mtu wa kumlisha usiku. Lakini siku 21 utazihesabu vilevile, kwa sababu umekwisha kumshika.»

Msichana alifikiri njiani kote. Alipofika nyumbani, mdogo wake alimwona, akanyosha mikono ili abebwe. Msichana alisimama mbali, akaficha mikono yake nyuma. Mtoto akalia. Mama alipoyasikia maneno ya mganga alimtazama binti yake muda mrefu, akasema: «Mimi nitambeba mdogo wako hata shambani. Wewe uliyemwokota huyo, mtunze vizuri. Usiniletee taabu hii bure.»

Kikapu kikawekwa katika nyumba ndogo ya jiko la zamani, mbali na paka na mbali na mtoto mchanga. Hapo msichana alianza kazi ambayo hakujua kama ni kubwa namna ile. Kindi alipaswa kunywa kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Nkambo alikwenda kwa jirani mwenye mbuzi kuomba maziwa, akayachemsha. Wakati msichana alipokuwa masomoni, nkambo alimlisha kindi. Usiku msichana aliamka mwenyewe, akawasha taa, akabadilisha maji ya moto katika chupa.

Mtoto wa kindi akiwa mchanga hawezi hata kukojoa peke yake. Mama yake humlamba tumboni, ndipo mkojo hutoka. Kwa hiyo kila baada ya chakula nkambo alichukua kitambaa chenye maji vuguvugu, akampangusa chini ya tumbo. Kaka alipoona hivyo alicheka tena, lakini safari hii alikaa chini kutazama.

Usiku wa tatu msichana alikuwa na usingizi mwingi. Alimlaza kindi chali kama mtoto wa mtu, akasukuma bomba kwa haraka. Maziwa yakatoka puani. Kindi akakohoa, akanyoosha miguu. Msichana akapiga kelele. Nkambo alikuja mbio, akamgeuza kindi kichwa chini, akampangusa pua, akamshika hivyo mpaka alipovuta pumzi tena.

«Je, umeona kindi anayenyonya akilala chali?» nkambo akauliza. «Anyweshwe amelala juu ya tumbo, kichwa kimeinuka, tone moja, subiri ameze, tone lingine. Maziwa yakiingia katika mapafu, kesho tutamzika.» Usiku ule msichana hakulala tena. Alikaa karibu na kikapu, akasikiliza pumzi ya kindi mpaka jogoo walipowika.

Kindi hakufa. Siku ya tano macho yake yalifunguka, meusi na yenye kung'aa. Kidonda kilikauka. Manyoya yalianza kufunika mwili wake.

Siku moja maziwa ya mbuzi yalikosekana. Kaka, aliyetaka kusaidia, alimpa kindi maziwa ya unga ya ng'ombe. Jioni kindi aliharisha, akalegea. Nkambo hakumgombeza kaka. Aliacha maziwa yote usiku kucha, akampa tena maji ya sukari na chumvi, na kesho yake kindi alinyanyua kichwa.

Hivyo siku zilikwenda. Msichana alichora mstari mmoja ukutani kwa kipande cha makala kila asubuhi. Kila asubuhi mama alimshika paji la uso: hakuna homa. Alitazama mikono yake: hakuna kipele. Mdogo wake alizoea kubebwa na mama, hata hakunyosha tena mikono kwa dada yake. Jambo hilo lilimwuma msichana kuliko kukosa usingizi.

Mstari wa 21 ulipochorwa, mganga mwenyewe alipita, akamtazama, akasema: «Salama.» Msichana alioga, akabadili nguo, akamwendea mdogo wake. Mtoto alimtazama kwanza kama mgeni. Kisha akacheka, akamshika nywele. Msichana alimfunga mgongoni, akatembea naye kijiji kizima, hata akasahau saa ya kumlisha kindi. Nkambo alimlisha.

Sasa kindi alianza kutafuna. Walimpa karanga kidogo, lakini si karanga tu, maana kindi anayekula karanga peke yake mifupa yake huwa laini. Walimpa majani mabichi, maua, mchwa, maganda ya mayai yaliyosagwa, na masuku yalipoiva. Walimpa pia vijiti vya kutafuna. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua siku zote, na asipoyachakaza kwa vitu vigumu, yanakuwa marefu mpaka hawezi kula.

Jambo moja tu liliwatia wasiwasi. Mguu uliovunjika uliunga, lakini uliunga kidogo upande. Mara ya kwanza kindi alipopanda nguzo ya jiko, alianguka. Mara ya pili alianguka tena. «Kindi asiyeweza kupanda ni chakula cha nyoka,» akasema kaka. Kisha akaenda porini, akaleta matawi, akayasimamisha ndani ya jiko. Kila siku kindi alipanda, akaanguka, akapanda. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili aliruka kutoka tawi hadi tawi, na kuchechemea kwake kulionekana chini tu.

«Sasa arudi kwake,» akasema nkambo.

Msichana alitoa machozi. «Nkambo, ananijua! Anakuja nikimwita.»

«Ndiyo sababu arudi upesi. Akizoea watu wote, mtu wa kwanza mwenye njaa atamshika kwa mkono. Hukumwokota awe wako. Ulimwokota awe kindi.»

Ni baba aliyetafuta mahali. Alipata muputu mwingine wenye tundu, mbali na njia, mahali pasipo na kindi wengine, kwa kuwa kindi wa jamaa moja hujuana kwa harufu na humfukuza mgeni. Alitengeneza sanduku la miti, akalifunga katika panda ya mti. Kindi alikaa humo siku chache, mlango umefungwa, asikie sauti na harufu za pori. Kisha msichana alifungua mlango. Kindi alitoka, akanusa, akapanda juu mpaka hakuonekana. Jioni alirudi kula. Kwa siku tisa alirudi kula. Siku ya kumi chakula kilibaki.

Muputu ule ulikuwa mnene. Ungaliweza kutoa magunia mengi ya makala. Baba hakuugusa. Na tangu siku hiyo, kabla ya kuukata mti, anaugonga mara tatu kwa mgongo wa shoka, anasubiri, anatazama juu kama kuna tundu.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, msichana alikuwa akipita pale pamoja na mdogo wake, ambaye sasa anatembea. Juu ya tawi kindi mmoja alipiga kelele kali, akatikisa mkia. Aliteremka chini, akachimba shimo dogo, akaficha mbegu, akaifukia. Kindi hufanya hivyo siku zote, na mbegu anazozisahau huota zikawa miti. Alipokwenda, alichechemea kidogo.

Msichana hakumwita. Alimwonyesha mdogo wake kwa kidole, wakasimama kimya mpaka kindi alipopanda juu tena.

Maulizo

1. Kwa nini nkambo hakumpa kindi maziwa mara moja?
2. Kwa nini msichana hakumbeba mdogo wake siku 21?
3. Utafanya nini ukikuta nyama wa pori amekufa njiani?
4. Baba anafanya nini sasa kabla ya kukata mti? Kwa nini?