Kitambaa cha mikono saba



Tangu ile picha ya kitambaa chetu kilichotundikwa ukutani ifike kwenye simu zenu, wengi mmetuuliza kama ni kweli tulishinda huku Marekani. Wengine mlitupigia vigelegele. Mmoja aliuliza mara moja ni dola ngapi. Tuseme ukweli mapema: hatukushinda. Kitambaa kilitundikwa bila utepe, na sababu ni yetu wenyewe. Lakini tumeona heri tuwasimulie yote, kwa maana picha haikuonyesha hata nusu.

Sisi ni wamama saba. Watatu tumetoka Uvira, wawili Baraka, mmoja Bukavu na mmoja Kalemie, na karibu wote tulipita kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Sasa tunakaa Iowa, jimbo la katikati ya Marekani ambako Wakongomani wengi wamefuata kazi za viwanda, hasa vya nyama. Siku ya posho, yule asiye na zamu kiwandani anakuja nyumbani kwa mmoja wetu na sindano yake. Kule kambini tulidarizi mashuka ya kuuza. Huku tunashona kwa sababu mikono imezoea, na kwa sababu ukikaa na mikono mitupu wakati wa theluji, mawazo yanakuja.

Iowa imegawanywa katika kaunti 99. Kaunti ni kama territoire kwetu, ila ndogo zaidi. Karibu kila kaunti ina maonyesho yake, mengi yakiwa mwezi wa saba, na mwezi wa nane yanakuja ya jimbo zima mjini Des Moines. Hayo makubwa yalianza mwaka 1854, na tangu mwaka 1911 huwa wanaweka humo ng'ombe aliyefinyangwa kwa siagi, mkubwa kama ng'ombe wa kweli. Tuliona picha yake tukanyamaza. Siagi ile ingepika wali wa harusi ngapi!

Sisi tulienda kwenye maonyesho ya kaunti yetu. Barabara inapita katikati ya mahindi, mahindi kushoto, mahindi kuume, marefu kuliko mtu, na baada ya hapo maharagwe ya soya, halafu mahindi tena. Joto la mwezi wa saba ni lile la bonde la Ruzizi, hata jasho lake tulilitambua. Mwenzetu wa Baraka alikuwa anatafuta kwa macho mahali wanapochoma mahindi ya kula. Binti aliyekuwa anaendesha gari akamwambia kwamba sehemu kubwa ya mahindi hayo si ya watu: ni chakula cha nguruwe na ng'ombe, na mengine yanageuzwa kuwa pombe ya kuchanganya na petroli ya magari. Mama yule hakujibu kitu mpaka tulipofika.

Uwanja wenyewe ni mabanda marefu ya mabati: banda la nguruwe, la kondoo, la kuku, la sungura. Watoto wa wakulima wanalala karibu na wanyama wao, kwa maana wao pia wanashindana kupitia chama cha vijana kiitwacho 4-H. Halafu kuna jumba la kazi za mikono. Mle ndani mna mikate, jemu, nyanya tano kwenye sahani ambazo sharti zilingane kama ndugu, na kuta zilizojaa vitambaa. Pale ndipo tulipokuwa tunakwenda.

Yote yanaanza kwa kitabu. Miezi kabla ya maonyesho kinatoka kitabu cha mashindano chenye kila aina ya kazi na nambari yake: soksi za kufuma, sweta ya mtoto, kitambaa cha kroshe, mto wa kudarizi, kitambaa cha meza, gauni la kushona kwa mashini. Mshindani anachagua nambari, anajaza karatasi, anapewa kadi ya kufunga kwenye kazi yake. Binti wa mmoja wetu, anayesoma lise, alitusomea masharti kwa Kiswahili. Kazi iwe safi. Iwe imekwisha kabisa, si ya kumalizia. Isiwe ilikwisha kuonyeshwa pale mwaka uliopita. Na iwe kazi ya mikono ya huyo aliyeandikwa jina.

Hapo ndipo karatasi ilipotushinda, kwa sababu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina.

Kitambaa chetu kilikuwa cha meza ya watu wanane, cheupe, chenye maua kwenye pembe nne na ukingo wa kroshe. Mama mkubwa wetu ndiye aliyechora maua. Wanne walidarizi, kila mmoja pembe yake. Mwenzetu wa Kalemie alifuma ukingo wote, miezi miwili na nusu. Wa saba ndiye aliyefua, akatia wanga na kupiga pasi. Sasa jina liwe la nani? Tulizunguka swali hilo jioni nzima. Mwishowe tukasema jina liwe la mama mkubwa, kwa heshima, na zawadi ikitoka iingie kwenye likelemba.

Mama wa Kalemie alikataa. Alisema, "Kitabu kinasema mikono ya aliyeandikwa. Mama mkubwa hakushika kroshe hata siku moja." Tukamjibu kwamba kwetu mkono wa mmoja ni mkono wa wote, na kwamba hakuna Mzungu atakayehesabu vidole vyetu. Yeye akachukua karatasi nyingine, akaandikisha kitambaa kidogo cha duara cha kroshe alichofuma peke yake, kwa jina lake. Tulimnunia. Wamama, tulimnunia juma zima, hata kumpitia kwa gari hatukumpitia.

Usiku wa kupeleka kazi tulipata msukosuko mwingine. Wanga tuliotia ulikuwa ule wetu wa siku zote, wa unga wa muhogo, na joto lile liliufanya uanze kunuka kidogo kama fufu ya jana. Pua zetu zimezoea, lakini binti akasema kitabu kinakataza harufu, iwe ya moshi, ya dawa ya nondo au ya kitu kingine chochote. Tukafua upya saa nne za usiku, tukakausha kwa feni, tukapiga pasi mpaka karibu alfajiri. Bila wanga kitambaa kililala kama mtoto mgonjwa, lakini kilikuwa safi.

Mpango wa mashindano haya ni kwamba mwamuzi anasema mbele ya watu. Tulikaa kwenye viti vya chuma pamoja na wamama wa Kizungu, wengi wao wakulima wazee wenye mikono mikubwa kama yetu. Mwamuzi alikuwa mama wa makamo. Kazi zililetwa mbele yake moja moja, kadi zikiwa zimekunjwa jina lisionekane. Utepe wa bluu ni wa kwanza, mwekundu wa pili, mweupe wa tatu.

Tulidhani ataanza kwa kutazama rangi. Yule mama, kila alicholetewa, kwanza alikigeuza. Alitazama mgongo wa kudarizi: mafundo yako wapi, uzi umeruka kutoka ua hadi ua au umekatwa. Sweta aliivuta ukingo na kuiachia aone kama inarudi. Vitambaa vya mraba alivikunja mara mbili aone kama pembe zinakutana. Kwilti, yaani yale mablanketi ya viraka ambayo wamama wa hapa wanayapenda kuliko kitu chochote, aliziminya kwenye ukingo kusikia kama zimejaa vizuri mpaka mwisho. Moja ilikuwa nzuri ajabu, ya nyota nyekundu na nyeupe. Akaitazama, akavuta unywele wa paka, akauinua juu. Mwenye kwilti akajifunika uso, watu wakacheka, na yeye akacheka. Kwilti ikaenda ya pili.

Tunawaambia haya kwa sababu sisi tuliozoea kushona kwa ajili ya soko tumejifunza kuficha mgongo. Mnunuzi wa shuka hageuzi.

Kilipoletwa kitambaa kidogo cha kroshe, cha mwenzetu wa Kalemie, mwamuzi alikilaza kwenye meza. Kililala sawa, hakikuinua ukingo hata upande mmoja. Alisema macho ya uzi yanalingana kama yamepimwa. Bluu. Mwenzetu aliinama, akatazama viatu vyake. Sisi sita hatukujua tufanye nini na mikono yetu, tukapiga makofi tukiwa tumechelewa.

Kisha kikaja chetu. Akakifunua, meza haikutosha, karani akashika upande mmoja. Akagusa maua akasifu mchoro. Akaonyesha mahali ambapo alama za bluu za karatasi ya karbone zilikuwa bado zinaonekana kando ya uzi. Hilo tulilijua. Halafu akageuza. Akatazama pembe ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Akaenda ya tatu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kroshe polepole, akanyamaza, akasema maneno ambayo binti alitutafsiria kwa sauti ndogo: "Mkono huu wa ukingo nimeuona sasa hivi. Na hizi pembe si za mtu mmoja."

Jumba lilinyamaza. Mama mkubwa, ambaye goti linamsumbua, akasimama. Hakungoja binti. Kwa Kiingereza chake kidogo akasema, "Sisi. Saba," akainua vidole.

Hakuna aliyetutukana. Msimamizi aliitwa, wakafungua kitabu, wakazungumza. Mwamuzi akaeleza kwamba hawezi kuipa nafasi kazi ya watu saba mbele ya wamama waliofanya peke yao, na alikuwa na haki. Lakini hakukisukuma kando. Aliendelea, pembe moja baada ya nyingine, akatueleza kila mkono una nini: huu unavuta uzi mno, huu umetulia, huu unaanza vizuri na unachoka. Wenye mikono tulijijua. Hakuna mtu aliyewahi kutusomea kazi yetu namna hiyo, hata kule foyer tulikofundishwa na masista.

Aibu ilikuwapo, tusidanganye. Wawili wetu walitaka kutoka mara moja. Baadaye binti alitusomea habari ya mtu mmoja wa Massachusetts, Elkanah Watson, anayehesabiwa kuwa baba wa maonyesho haya. Mwaka 1807 alionyesha kondoo wake wawili wa Merino katikati ya mji wa Pittsfield, watu wakajaa kuwatazama. Miaka michache baadaye akaweka zawadi za nguo zilizofumwa na wanawake. Nguo zililetwa, lakini wenyewe waliona haya kujitokeza. Ikabidi mke wake atangulie kwenda kuketi pale, ndipo wengine wakaja. Mama mkubwa aliposikia hivyo akasema, "Hata wao?" akaomba chai.

Kitambaa kilitundikwa mpaka siku ya mwisho, chenye kadi ya jina la mama mkubwa. Msimamizi alituruhusu tuandike majina mengine sita kwa kalamu chini yake. Ndiyo picha mliyoiona.

Mwenzetu wa Kalemie alipewa utepe wake na dola nne. Ndiyo, dola nne, dada uliyeuliza. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, harufu ya nguruwe na ya mandazi yao ya mafuta na sukari vimechanganyika. Akatuacha, akaenda kwenye kibanda, akarudi na bilauri kubwa mbili za maji ya ndimu yenye barafu na mirija saba. Dola nne hazikutosha, aliongeza zake. Tulikunywa tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha banda la kondoo. Hakuna aliyezungumza habari ya juma lile la kununa. Jioni tulimrudisha mpaka mlangoni kwake.

Sasa kuna ombi. Kitabu kile kile, tulipokisoma hadi mwisho, kina nambari ya kwilti zilizoshonwa na zaidi ya mtu mmoja. Ilikuwepo siku zote. Wamama wa hapa tangu zamani wanakaa wengi kuzunguka kwilti moja, kila mmoja upande wake, kwa hiyo nambari hiyo waliiweka. Tunataka kushona moja ya vikwembe. Safari hii tumeuliza kabla ya kushika sindano: kitambaa kinaweza kutoka popote, lakini lazima washonaji wote wawe wakaaji wa kaunti.

Basi anayekuja huku, au aliye na ndugu anayesafiri kupitia Bujumbura au Kigali, atuletee mabaki ya vikwembe, hata yale yanayobaki chini ya meza ya fundi. Kipande kisipungue sentimita 20 kwa 20. Kifuliwe kwanza, kifuliwe tena, mpaka maji yatoke meupe, maana rangi ikitoka kwenye kwilti inaharibu na vipande vya jirani. Kisiwe kimepauka. Vya maua makubwa na vya ndege tunavyo vingi. Tunakosa kijani.