Takawiri, Kisiwa cha Mchanga Mweupe

Msafiri atokaye Homa Bay kwenda Takawiri hufuata barabara hadi Mbita, kisha hupanda mashua. Kisiwa hicho kidogo cha Ziwa Victoria kiko kati ya Rusinga na Mfangano, nacho kimesifika kwa ufuo wake wa mchanga mweupe. Wageni huja kuoga, kupumzika na kutazama jua likizama ziwani.

Lakini ufuo una kazi nyingine pia. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka na taa zao kuvua omena, yaani dagaa, kwa maana samaki hao hufuata mwanga. Kunapopambazuka wanawake huwanunua na kuwaanika juani. Mvua ikinyesha ghafula, faida ya siku nzima huharibika.

Takawiri haikusongamana kama Migingo, lile jabali ambalo Kenya hulihesabu katika Kaunti ya Migori na ambalo Uganda pia imelidai, ambako nyumba za mabati zimebanana ukuta kwa ukuta. Hapa bado pana nafasi ya mgeni na ya mvuvi.

Nafasi hiyo yafaa ichungwe. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na katika miezi hiyo mwenye mashua aweza kupata riziki kwa kuvusha wageni. Uvuvi ukifunguliwa, mama mwenye omena wabichi huhitaji mahali pa kuwaanika, na mgeni naye hutaka mahali pa kuoga. Mmoja akimfukuza mwenziwe, kisiwa kizima kitapata hasara. Heri mgeni apishe nyavu, na mwenyeji autunze mchanga uwe safi.