Daftari Lililokosekana
Ahali yetu huuza mabuibui kwa simu, nasi kila mwaka twampigia hesabu ya zaka. Tulipoketi kumtayarishia taarifa ya kodi, daftari hatukuliona. Simuni mlikuwa na jumbe na picha tu. Tuliona haya, sisi tusomeshao darsani aya ya kuandikiana madeni, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani.

Tangu Julai 2023, mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida, na taarifa huipeleka ifikapo tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Buibui la shilingi 3,000, faida yake 200, kodi ni 90. Mzigo huo ni mzito, twakiri. Usiku huu yeye asoma jumbe, sisi twaandika, tumefika Machi.