Fungate ya Bagamoyo na Mizigo Mitano

Wasomaji wenzangu, kazi yangu ni ukarani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni nikapata cheti, lakini miaka hii yote nimekaa katika ofisi ya parokia yetu huku milimani Uluguru, nikiandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko. Wachumba wengi hupita mezani pangu. Siku hizi, wakisha kuandikisha tangazo la ndoa, baadhi yao huniuliza neno ambalo wazee wetu hawakuuliza: “Karani, tukitaka kusafiri siku za fungate, tuchukue nini?” Nami huwasimulia safari yangu mwenyewe, ijapokuwa inaniaibisha kidogo.

Zamani fungate haikuwa na mzigo. Neno lenyewe ni la hesabu, maana yake saba. Kule pwani bwana na bibi arusi walikaa ndani siku saba, wakaletewa chakula na jamaa, wala hakuna aliyefunga hata bahasha. Leo wengine twapanda basi. Silaumu jambo hilo, kwa kuwa hata mimi nilipanda.

Tulifunga ndoa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2019, mavuno yakiwa yamekwisha. Tulichagua kwenda Bagamoyo kwa sababu imani ya babu zetu ilipita huko. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, na kutoka hapo ndipo walipopanda bara hata kufika huku kwetu Morogoro. Mimi niliona jina la Bagamoyo katika vitabu vya ofisi, nikatamani kupaona kwa macho.

Basi Jumanne alfajiri tukatoka nyumbani na mizigo mitano. Naihesabu ili mnicheke vizuri. Kwanza, lile begi kubwa la mistari watu waliloliita shangazi kaja, ndani yake mchele kilo kumi, sufuria mbili, sahani na chupa ya chai. Pili, sanduku la bati la mke wangu, limejaa vitenge na kanga alizotunzwa arusini. Tatu, begi langu: suti ya arusi, viatu pea tatu, vitabu sita na pasi ya mkaa. Nne, ndoo yenye mfuniko aliyotupa mama yangu, imejaa ndizi na magimbi. Tano, tenga lenye jogoo hai, zawadi ya watu tutakaowakuta. Watu wawili, siku saba, mizigo mitano! Tulivyoondoka mlangoni, jirani mmoja mzee alituuliza kama tunahama.

Mjini Morogoro konda akatazama mizigo, akatutazama sisi, akataja bei. Nilibishana naye nikashindwa. Jogoo naye akawika njia nzima mpaka Chalinze, na abiria wakamtania mke wangu kwamba bwana wake ana sauti nzuri.

Tulishuka Msata, pale njia ya Bagamoyo inapoachana na ile iendayo Tanga na Arusha. Tulipokuwa tunahamisha mizigo, shangazi kaja likachanika ubavu mzima. Sufuria ikabingirika hata ng’ambo ya barabara, na mchele ukamwagika katika vumbi mbele ya wauza machungwa na wapiga debe. Nami, mume wa siku tatu, nikasema kwa sauti: “Nilikuambia!”

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwambia kitu. Mchele nilipima mimi mwenyewe, na pasi ya mkaa ilikuwa yangu. Mke wangu hakujibu. Alitandika kanga chini, akauzoa mchele ule kidogo kidogo, na mwanamke mmoja muuza machungwa akaja kumsaidia bila kuitwa. Gari la kwanza likatuacha kwa sababu ya mizigo, la pili likatuacha vile vile. Kutoka Msata hata Bagamoyo ni kilometa sitini na kitu za lami nzuri, lakini sisi tuliingia mjini jua limekwisha kuzama, wala hatukuwa tumesemezana maneno kumi.

Kwenye nyumba ya wageni tulimkuta mama mmoja wa makamo. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole: “Wanangu, mna cheti cha ndoa?” Moyo ukanianguka. Mimi niliyeandika vyeti vya ndoa vya watu mamia, changu nilikiacha mezani! Nikaanza kufungua begi la suti na vitabu, nikijua wazi hakimo. Mke wangu akafungua mkoba wake mdogo wa mkononi, akatoa kitabu cha sala, na katikati ya kurasa akatoa cheti chetu kimekunjwa vizuri. Akampa yule mama, wala hakunitazama. Katika mizigo mitano hapakuwa na kitu kilichotufaa usiku ule kama karatasi ile.

Asubuhi tukaenda kutembea misioni. Penye njia ya kuingilia kuna miembe mikubwa, na kivuli chake ni kama ndani ya kanisa. Tuliona kanisa jipya, ambalo tunaliita jipya ingawa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, na kando yake lile la zamani lenye mnara. Katika makumbusho kuna habari za watumwa waliokombolewa na kukaa katika kijiji cha misioni. Nyuma kuna makaburi ya wamisionari, na wengi wao walikufa vijana sana. Nilisimama pale kitambo. Watu hawa walikuja na masanduku yao, na masanduku hayakurudi kwao.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya wapagazi. Bagamoyo ndipo misafara ya Tabora na Ujiji ilipoanzia na kuishia. Mpagazi, na wengi walikuwa Wanyamwezi, alitwikwa kiasi cha kilo thelathini za nguo, shanga au waya wa shaba akienda bara, na akirudi alitwikwa pembe. Njia ilikuwa ya miezi. Burton na Speke walipoanzia Kaole, hapo karibu, mwaka 1857, walitembea zaidi ya miezi minne kabla ya kufika Tabora. Na mpagazi mwenyewe, juu ya mzigo wa tajiri, alijichukulia nini? Mkeka, chungu cha kupikia, chakula kidogo. Wengine walifuatana na wake zao, na mke ndiye aliyechukua chungu. Nikamtazama mke wangu tuliposikia hayo. Yeye alikuwa anatazama pembeni, lakini niliona anazuia kucheka.

Jina la mji wenyewe watu hubishana juu yake. Wengine husema ni furaha ya mpagazi anayefika pwani: bwaga moyo, tua, umefika. Wengine husema ni kilio cha mtumwa anayeacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazi. Mimi siamui. Ila pale misioni hukumbukwa safari ya moyo mwingine: Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, wenzake Chuma na Susi walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari mwaka 1874. Njiani iliwabidi kuufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, ili watu wasiwazuie. Mwili ulilazwa katika kanisa la misioni kabla ya kupelekwa Unguja.

Siku ya tatu tulikwenda Kaole, mwendo wa kilometa chache kusini, kuangalia magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waislamu. Mwongozaji alituonyesha kaburi ambalo wenyeji husema wamelazwa humo mume na mke pamoja. Pia kuna mbuyu mkubwa, ukiuzunguka wasema unaongeza miaka. Sisi hatukuuzunguka, ila tulikaa kivulini pake tukala machungwa.

Jioni ile tukaketi ufukweni, watu wakishusha samaki majahazini. Nikamwambia mke wangu: “Naomba radhi kwa lile neno la Msata.” Akanyamaza, kisha akasema: “Ulidhani nimeleta sanduku ili nijionyeshe?” Nikakubali kwamba ndivyo nilivyodhani. Akasema: “Bwana, chumba chetu hakina kufuli. Nyumba ni ya wote, na shemeji zangu ni watu wema. Lakini dada yangu alipoolewa, alitoka siku mbili tu, aliporudi vitenge vyake vilikuwa viunoni mwa watu. Hakuna aliyeiba. Waliazima. Naye hakuweza kuvidai, maana angeitwa mchoyo katika wiki ya kwanza. Zile kanga nilipewa na mama na shangazi zangu. Ningeziacha wapi?”

Wasomaji wanaume, niliona haya kuliko Msata. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha namna ya kufunga mizigo, na kumbe mzigo ule niliufunga mimi, kwa kumleta mtu katika chumba kisicho na kufuli. Kesho yake tukaenda sokoni, tukanunua kufuli yenye funguo mbili. Mke wangu akachagua, mimi nikalipa.

Sasa niwaambie kilichotumika kwa siku saba. Yeye alivaa magauni mawili, moja likianikwa jingine likivaliwa, na kanga doti mbili. Kanga ni shuka, ni taulo, ni mwavuli wa jua, na Msata ilikuwa gunia. Mimi nilivaa suruali mbili, mashati matatu na ndara. Suti haikutoka katika begi, na viatu pea mbili vilirudi vilivyokwenda. Katika vitabu sita nilisoma kurasa nne. Mchele hatukupika, kwa sababu mgeni haruhusiwi kupika chumbani, jambo ambalo ningelijua kwa kupiga simu mara moja kabla ya kuondoka. Mchele, ndizi na jogoo tulimpa yule mama wa nyumba ya wageni, akafurahi sana. Jogoo aliwika uani mwake kila alfajiri hata tulipoondoka.

Kwa hiyo mchumba akiniuliza, namwambia: begi moja la kila mtu, ambalo aweza kulibeba mwenyewe kutoka stendi bila kumwita mtu. Vitambulisho na cheti cha ndoa katika mkoba wa mkononi, si katika begi. Dawa zenu, sabuni, sindano na uzi. Fedha ya nauli ya kurudi ishonwe mahali pake na isiguswe. Chakula cha njiani cha siku moja. Zawadi ya wenyeji ichukuliwe, lakini isiwe na mabawa. Kisha, kabla ya kumwuliza nini atachukua, mwulize nini anaogopa kuacha.

Tulirudi na mizigo mitatu. Kufuli iko mlangoni hata leo, na mashemeji hawakununa kama tulivyohofu. Dada yangu mdogo aliomba kuazima kitenge kimoja kwa ajili ya Krismasi, mke wangu akampa doti nzima ya kanga iwe yake. Shangazi kaja nalo alilishona ubavu kwa uzi wa katani, na sasa linakaa darini limejaa mahindi ya mbegu.